Amana na Mlinzi Wake

Mtu wa Bariadi aliyeandika katika tovuti yake hadithi alizosimuliwa na wazee, anapotafuta kampuni mpya ya kuihifadhi, huuliza kwanza bei. Swali hilo ni la haki, lakini halistahili kutangulia. Kuweka maandishi katika kompyuta za mwingine ni kuweka amana, na amana hutaka uaminifu kabla ya fedha. Wazee wakiisha kufa, hadithi iliyopotea itaulizwa kwa nani?

Hata hivyo, uaminifu peke yake hauzuii msiba. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kompyuta la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Tovuti nyingi zilizimika, na baadhi ya watu wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza kazi yao.

Wafugaji wa Simiyu waijua hekima ya jambo hili. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa jamaa na marafiki, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize mali yote. Hamdharau rafiki kwa kufanya hivyo. Humpunguzia mzigo usiochukulika na mtu mmoja.

Basi mhifadhi mwema ni nani? Ni yule akuachiaye jina la tovuti yako, akupaye nakala yako utakapo, wala hafichi bei ya mwaka wa pili. Na mwenye mali mwema ni yule asiyelala kwa kuwa amepata mlinzi. Mali hukabidhiwa, wajibu haukabidhiwi.