Mkoba Kifuani
Kila aliyesikia naenda Napoli alinipa onyo lile lile: chunga mkoba wako. Nikauchunga. Spaccanapoli, mtaa mwembamba ambao jina lake lina maana ya mpasua Napoli, niliupita mkoba ukiwa kifuani, simu mfuko wa ndani. Sioni ubaya wake; pikipiki hupita karibu mno.

Ubaya, nadhani, huanza pale mkono unapongoja kuona sura kwanza. Ndani ya Circumvesuviana, treni ya kwenda Pompeii, mama mmoja mtalii alitulia tuli hadi kijana Mwafrika mwenye furushi la mikanda ya kuuza alipoketi kando yake. Ndipo akavuta zipu. Kijana akageukia dirisha, mlima Vesuvio ukipita. Mimi pia ni mweusi. Mlio wa zipu ile naujua.

Ukifunga hotelini, kabla hujakutana na yeyote, humshtaki mtu. Ukifunga mbele yake, umeshamhukumu. Mtu ataniambia woga haupigi hodi. Sawa, lakini mbona ulimchagua yeye?

Mji huohuo una desturi ya caffè sospeso: unalipia kahawa mbili, unakunywa moja, ya pili inamngoja asiye na hela, ambaye hutauona uso wake. Nililipia mbili. Mkoba ulikuwa bado kifuani.