Kanuni za Masihara

Walimwengu wana ada ya kutunga sheria ambazo hakuna baraza lililozipitisha wala askari wa kuzisimamia. Mwanahistoria wa Kiingereza, C. Northcote Parkinson, aliitoa yake mwaka 1955 katika jarida la The Economist: kazi hutanuka mpaka ikaujaza muda iliopewa. Akaishuhudisha kwa hesabu. Baina ya 1914 na 1928 manowari kubwa za Uingereza zilishuka kutoka 62 hadi 20, ilhali maofisa wa idara iliyoziendesha walipanda kutoka 2,000 hadi 3,569. Merikebu zikipungua, makarani wakizidi. Watu wakacheka.

Kicheko hicho ndicho chenye suala. Je, mwenye kuicheka kanuni ya namna hii amejiona, au amejificha?

Kanuni ya maumbile haina haja ya kujulikana. Nazi hudondoka bila ya kuijua kanuni inayoidondosha, na hata ingeijua isingebaki mnazini. Binadamu sivyo. Karani aliyekwisha kusikia kwamba kazi hutanuka anaweza kuimaliza kabla ya adhuhuri. Kwa hivyo kanuni ya masihara ina ajabu yake: hutungwa ili ivunjwe.

Lakini aghalabu haivunjwi, hugeuzwa udhuru. Itazamwe ile inayonasibishwa na mhandisi Edward Murphy, iliyozaliwa mwaka 1949 katika majaribio ya jeshi la anga la Marekani huko California, baada ya vipimo kufungwa kinyume: linaloweza kuharibika litaharibika. Kwa wahandisi hilo lilikuwa onyo. Kifaa kinachoweza kufungwa kinyume kiundwe upya, kikubali njia moja tu. Mitaani likawa pumziko la mvivu. Maneno ni yaleyale; mmoja hujiandaa kwayo, mwengine hulalama kwayo.

Watu wa pwani hawakungoja majarida. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: hiyo ni kanuni, na ina hesabu ndani yake. Na ipo iliyo mama wa zote: nyani haoni kundule. Kila aisikiaye hutikisa kichwa akimkumbuka jirani, na kwa kufanya hivyo huithibitisha.

Yumkini atatokea wa kusema kwamba mzaha hauna haja ya kubebeshwa mzigo wa wema. Ni kweli kwamba hotuba hufunga masikio ambayo mzaha huyafungua. Ila sikio lililofunguliwa lina haki ya kuambiwa kitu, na wa kwanza kuambiwa ni mwenye sikio. Anayetunga kanuni juu ya wenziwe amewasengenya tu, japo kwa ufasaha. Anayeitunga juu ya nafsi yake amejipa kazi ya kufanya.

Mathalani hii: mwenye kuazima kitabu huyakumbuka yote yaliyomo, akamsahau aliyemwazima. Ni nyepesi, na wengi wataicheka huku macho yao yakikwepa rafu ya nyumbani. Basi kitabu na kirejeshwe, kisha kicheko kiendelee.