Kosa Lisiloonekana

Mtu akitenda kosa katika kazi yake, na ikawa hapana jicho litakaloliona, je, anao wajibu wa kulisahihisha? Swali hili ni la zamani, na aghalabu huulizwa juu ya mambo makubwa: fedha za umma, viapo vya mahakamani, nguzo za daraja zilizozikwa ndani ya saruji. Katika mambo hayo jibu hutolewa upesi, kwa sababu nyuma ya jibu imesimama hofu. Daraja likivunjika watu hufa, na aliyelijenga hufungwa. Mimi napenda kuliuliza swali lile lile mahali ambapo hofu haina kiti. Nitaliuliza juu ya sweta. Wala si sweta yoyote, bali ile ifumwayo kwa mkono, kwa uzi laini wa pamba, yenye misuko mwilini na mikono ya mtindo wa raglani. Hapana askari ajaye kukagua sweta. Kwa hiyo mtu akilisahihisha kosa lake humo, twaweza kuwa na yakini kwamba amesukumwa na kitu kingine kisichokuwa hofu.

Wavulana wasikunje nyuso. Kufuma si kazi ya wanawake peke yao. Zamani katika miji kadhaa ya Ulaya vilikuwako vyama vya mafundi wafumaji, na mafundi hao walikuwa wanaume. Tena baadhi ya nguo za kale kabisa za kufumwa zilizopata kupatikana hazikutoka Ulaya, bali zatoka Misri, katika bara letu wenyewe: ni soksi za uzi wa pamba, mweupe na wa rangi ya nili, ambazo zimedumu kwa mamia ya miaka.

Sweta ni vitanzi. Kila kitanzi kimepita ndani ya kitanzi kilichotangulia, nacho chashikwa na kitakachofuata; na uzi waendelea huo huo safu baada ya safu, tangu pindo hata shingo. Kitanzi kimoja kikiponyoka, kile cha chini yake hupoteza mshikaji, nacho huponyoka, na cha chini yake vilevile, mpaka kitambaa kiwe na mwanya mrefu kama ngazi. Basi katika sweta hapana kitanzi ambacho ni chake mwenyewe.

Msuko wa sweta wafanana na nywele zilizosukwa, ila haukusukwa kwa vidole. Mfumaji afikapo mahali pake huchukua vitanzi vitatu, akavihamisha katika sindano ndogo ya tatu, akaviweka mbele ya kazi. Hufuma vitatu vilivyo jirani, kisha hurudi kuvifuma vile vilivyongoja. Vikingoja mbele, msuko huinamia kushoto; vikingoja nyuma, huinamia kulia. Baada ya safu sita au nane hufanya vivyo hivyo tena. Hiyo ndiyo siri yote. Tofauti ya msuko uliosimama sawa na msuko uliopinduka ni mahali pa kungojea tu, na fikira ya mfumaji ikitoroka kwa pumzi moja, vitanzi vitatu vimekwisha kungoja upande usio wao.

Ama raglani, hilo ni jina la mtu. Lord Raglan alikuwa jemadari wa Uingereza aliyepoteza mkono wake wa kulia katika vita vya Waterloo mwaka 1815, akafa mwaka 1855 katika vita vya Crimea. Koti lililoitwa kwa jina lake lilikuwa na mkono usioishia begani, bali wapanda kwa mshazari mpaka shingoni. Inasemekana lilikatwa hivyo ili kumfaa yeye. Ni ajabu kwamba jemadari mwenye mkono mmoja amekumbukwa na ulimwengu kwa mikono ya nguo kuliko kwa vita vyake! Katika kufuma, mishazari hiyo hupatikana kwa kupunguza vitanzi: viwili kwa kila mshazari, nayo mishazari ni minne, basi kila safu ya pili vitanzi vinane huondoka, mpaka ibaki shingo. Hesabu ikikosewa upande mmoja, bega moja huvutwa na jingine hulegea.

Na pamba je? Sufu ina mvuto; hurudi ikivutwa, na huzifunika kasoro ndogo za mkono. Pamba haina huruma hiyo. Ni laini, haiwashi ngozi, huoshwa mara nyingi bila kuharibika, na kwa hali ya hewa ya nchi yetu, yenye asubuhi za baridi na adhuhuri za jua kali, yafaa sana. Lakini haina mvuto. Kitanzi kilicholegea hubaki kimelegea, na kilichokazwa hubaki kimekazwa, macho pa watu. Uzi wake laini hupasuka mbele ya ncha ya sindano, nyuzi moja ikashikwa na nyingine zikaachwa. Tena ni mzito, na misuko huzidisha uzito huo, kwa kuwa hukivuta kitambaa pamoja na kula uzi mwingi kuliko kufuma kwa kawaida. Sweta ya pamba ikianikwa kwenye kamba ingali imelowa, maji huivuta chini, na mwenye nguo akija jioni huikuta imekuwa kanzu. Sharti itandazwe mahali bapa.

Sasa twaweza kulirudia swali letu. Katika chuo nifundishacho, mwalimu mwanafunzi mmoja alikuwa akimfumia nyanya yake sweta ya namna hii. Nyanya yule akaa Kinangop, ambako mwezi wa Julai baridi huuma, naye sufu humwasha shingoni. Binti alianza na kipande cha nyuma. Maelekezo yake yalitaka vitanzi 20 katika kila sentimita 10, na upana wa sentimita 90 kwa mzunguko wa kifua, yaani vitanzi 180. Alipokuwa karibu kukimaliza kile kipande aliweka rula juu yake, akaona kwamba mkono wake hukaza: vilikuwa vitanzi 22 mahali pa 20. Fanya hesabu, msomaji. Vitanzi 180 kwa kipimo hicho ni sentimita 82 hivi, yaani sweta imepungua sentimita 8. Kwa macho hapakuwa na kasoro yoyote. Kile kipande kilikuwa kizuri mno, wenzake walikisifu. Alikivuta uzi akakifumua chote, kazi ya majuma mawili, usiku ule ule, wala hakumwambia mtu mpaka tulipouliza kimekwenda wapi.

Majuma kadhaa baadaye alipatwa na shida ya pili. Alikuwa amekwisha kupita kwapa alipotambua kwamba msuko mwembamba wa ubavuni, chini kabisa ya mkono, umepinduliwa mara moja, safu 40 nyuma. Vitanzi vilingoja nyuma badala ya mbele. Mkono wa mvaaji ungekifunika kile kipande siku zote. Hapo ndipo mabishano yalipozuka katika chumba cha walimu. Mwalimu mwenzangu, mkubwa kwangu kwa umri na kwa ufundi, alisema afumue. Kazi, alisema, haina upande wa kificho. Leo utaacha msuko kwapani, kesho utaacha jibu la hesabu usilolihakiki, keshokutwa utatia alama daftari usilolisoma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwingine alimjibu kwamba mwezi wa Juni umekwisha, na yule kikongwe hawezi kuvaa uadilifu wa mjukuu wake, ataka sweta.

Nimeyapima maneno yao, na naona kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli juu ya mambo mawili mbalimbali. Kipimo kilichokosewa na msuko uliopinduka ni makosa yasiyoonekana, lakini si ndugu. La kwanza lina mlipaji, naye si mfumaji. Sweta iliyopungua sentimita 8 humbana mzee kifuani kila asubuhi, wala hajui ni kwa nini. Labda atadhani amenenepa. Kitanzi kilichopasuliwa na sindano, kikaachwa kimeshikwa na nyuzi chache, ni vivyo hivyo: hakionekani leo, lakini baada ya kufuliwa mara kadhaa kitakatika, na ngazi itashuka. Makosa ya jinsi hii ni deni ambalo mfumaji amelikopa kwa jina la mtu mwingine. Hayo sharti yafumuliwe, yaonekane yasionekane, na hata kama Julai imebisha hodi. Lakini msuko uliopinduka kwapani haumbani mtu, haumwachi mtu na baridi, haukatiki. Anayeumizwa nao ni mfumaji peke yake, tena katika fahari yake. Kumkawiza mzee katika baridi ili fahari ya kijana ipone, hilo silioni kuwa ni uadilifu. Ni kujipenda kuliko vaa nguo ya uadilifu.

Hata hivyo hapa pana mtego, na mwalimu mwenzangu aliuona vizuri kuliko nilivyouona mimi kwanza. Ni nani atakayeamua kama kosa ni la jinsi hii au ile? Ni mfumaji yule yule, usiku, macho yakimwuma, na safu 40 zikimwangalia. Uchovu ni hongo. Hakimu aliyekwisha kuhongwa huona kila kosa kuwa dogo. Atasema sentimita 8 si kitu, pamba itanyooka. Kwa hiyo haitoshi kujiuliza kama kosa litamdhuru mvaaji. Yafaa kujiuliza tena: je, naweza kumwonyesha kosa hili siku nitakapompa sweta, na kumwambia kwa nini nimeliacha? Ukiona ulimi unakuwa mzito, na ukaanza kutafuta namna ya kulifunika, basi ulikuwa umejidanganya juu ya ukubwa wake. Binti alimwonyesha nyanya yake. Mzee alilitafuta kwa vidole muda mrefu asilione, ikabidi aonyeshwe mara ya pili.

Labda msomaji ataniambia kwamba ilikuwapo njia ya tatu, nami nakubali. Mfumaji stadi angaliweza kuviachilia vile vitanzi sita tu, akavishusha safu 40 mpaka penye kosa, akaupindua msuko, kisha akavipandisha kimoja kimoja kwa sindano ya kulabu, ile itumiwayo kufumia vitambaa vya viti. Katika sufu kazi hiyo hufichika baada ya kufuliwa. Katika pamba, isiyo na mvuto, vitanzi vilivyosumbuliwa hubaki vimepanuka, na huenda marekebisho yakaonekana kuliko kosa. Jambo hili lastahili kufikiriwa na watu wapendao kurekebisha kila kitu.

Jambo la kuuza ni tofauti kidogo, nalo nitaligusa kwa haraka. Anayenunua hakuwapo chumbani wakati wa mabishano, wala hana ujamaa na mfumaji. Kwake hata msuko wa kwapani una bei. Mwuzaji apunguze thamani aseme sababu, au afumue. Sipendi kusikia mtu akiuza kazi ya ovyo huku akisema ndivyo zilivyo kazi za mkono. Mashine ya kiwandani haichoki wala haisinzii. Basi mkono ukitaka kushindana nayo usijisifu kwa kusinzia.

Wako wanaokwenda mbali zaidi, wakasema kosa lenyewe ndilo uzuri wa kazi ya mkono. Hao hupenda kusimulia habari za visiwa vya Aran, magharibi mwa Ayalandi, kulikotoka sifa kuu za sweta za misuko. Husema kila jamaa kisiwani ilikuwa na misuko yake, ili mvuvi akizama baharini maiti yake itambuliwe kwa sweta. Masimulizi haya yamechapwa mara nyingi na kuuza sweta nyingi, lakini ushahidi wake haupo. Misuko ile ya fahari ilienea visiwani humo katika karne ya ishirini, na wafumaji waliiga kwa jirani na kuuza kwa wageni kama watu wengine wa kazi. Naona si haki kumpamba marehemu asiyekuwapo ili bidhaa inunuliwe, na hilo nalo ni kosa lisiloonekana, tena halipo kwapani.

Lakini chanzo kimojawapo cha masimulizi hayo huenda ni kazi ya kubuni iliyo na ukweli mkubwa ndani yake. J. M. Synge, aliyewahi kukaa Aran, aliandika tamthilia iitwayo Riders to the Sea, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1904. Humo kijana mmoja amezama, na mavazi ya maiti yameletwa kwa dada zake, nao hawajui kama ni ya ndugu yao. Hapana msuko wa jamaa humo, wala sweta. Pana soksi moja tu ya kawaida, mfano wa soksi nyingi zilizovaliwa pwani ile. Dada mdogo ndiye aliyeifuma. Akumbuka alianza na vitanzi 60, na kwamba vinne viliponyoka. Anahesabu vitanzi vya ile soksi, na hesabu inakuwa ile ile.