Wote Watatu Walimwona
(Luka 10:30–37)



Habari ya Msamaria mwema tumeisoma mara nyingi, na waalimu huwafundisha watoto kila mwaka. Lakini liko jambo moja ambalo sisi wenyewe tulilipita miaka mingi pasipo kulitambua. Kuhani alimwona yule mtu aliyejeruhiwa. Mlawi naye alimwona. Wala hatuambiwi ya kwamba macho yao yalikuwa mabovu. Kuona waliona, sawasawa na Msamaria. Ila yeye peke yake alikwenda karibu.

Twalikumbuka jambo hili kwa sababu ya chombo cha siku hizi, ambacho vijana warudio kutoka Dar es Salaam hutusimulia. Ni miwani mikubwa izibayo macho yote mawili. Ndani yake kila jicho lina picha yake, na mtu akigeuza kichwa picha nazo hugeuka, hata akasahau ya kuwa ameketi chumbani mwake. Wataalamu huliita jambo hili uhalisia pepe. Mwaka 2014 kampuni ya Facebook iliinunua Oculus, watengenezaji wa miwani hiyo, kwa dola zipatazo bilioni 2. Basi si mchezo wa watoto.

Tusiseme upesi kwamba ni kazi ya Ibilisi. Huko Seattle, katika Marekani, waganga waliwavika miwani hiyo watu walioungua moto, wakati wa kusafishwa vidonda, wakawaonyesha nchi ya theluji. Na maumivu yakapungua. Hilo ni jema, nasi twamshukuru Mungu.

Lakini sikieni na hili. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitoa filamu ya namna hiyo, jina lake Clouds Over Sidra, juu ya binti wa miaka 12, mkimbizi wa Siria, katika kambi ya Zaatari, nchi ya Yordani. Wakubwa waliokutanika Davos, huko Uswisi, walivaa miwani, wakajiona wamesimama katikati ya watoto wale. Nia ilikuwa njema, huruma iamshwe. Walakini fikirini: mtazamaji alimwona binti, binti hakumwona mtazamaji. Mtu aweza kulia machozi ya kweli kwa njia hii, akadhani amekwisha kumfikia jirani, kumbe hajaondoka kitini. Hatari hiyo twaiogopa kuliko michezo ya vita ambayo wengine huilalamikia.

Na sisi wa Nachingwea tungalipaswa kulijua neno hili mapema. Mwaka 1946 wajumbe watatu wa serikali ya Uingereza waliitazama Tanganyika, sehemu kubwa kutoka angani kwa ndege, wakaona mashamba ya karanga ambayo hayakuwapo bado. Kazi ikaanza mwaka 1947. Mwaka 1951 ikaachwa, zikiwa zimepotea paundi zipatazo milioni 36. Ugumu wa udongo hauonekani kutoka juu.

Labda mtasema, miwani hiyo hapa Nambambo wengi hatujaigusa, ya nini kutuonya? Tunajibu kwa kuungama. Wakati wa mvua zilizopita mjane mmoja wa usharika wetu alikuwa mgonjwa. Njia ilikuwa tope, nasi tulikuwa na simu ya picha. Mjukuu wake aliishika yake, tukamwona bibi uso, tukasoma Zaburi, tukaomba, tukaandika katika kitabu cha usharika ya kwamba tumemzuru. Tukafanya hivyo majuma matatu. Hata tulipokwenda kwa miguu tulikuta paa la jiko limeanguka, mtungi mkavu, na mjukuu mwenyewe ameshikwa na homa. Simu ilituonyesha uso tu, kwa kuwa uso ndio tuliotaka kuuona, wala hatukuuliza neno lingine.

Bibi hakutulaumu. Alisema, “Karibuni, Mchungaji, ketini,” akataka kuinuka atutafutie kigoda.

Siku ile tulichota maji kwanza, ndipo tukasali. Na katika kitabu cha usharika tumezifuta zile ziara tatu.