Mtoto Afundishwe Muziki kwa Nini?

Wazazi wengi wakiona saa ya nyimbo katika ratiba ya shule huuliza ina faida gani. Swali hilo si geni, wala si la kijinga. Wenye hekima wa Uyunani waliligombania zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, afundisha kwamba mapigo na ulinganifu wa sauti hupenya rohoni kabla mtoto hajaweza kutumia akili. Kwa hiyo alizikataa tuni za maombolezo na za ulegevu. Aristotle, mwanafunzi wake, aliuliza neno zito zaidi: je, mtoto apige kinubi kwa mikono yake mwenyewe, ama yatosha kuwasikiliza wengine? Akajibu kwamba ni vigumu mtu kuwa mwamuzi mwema wa kazi asiyoishiriki kamwe. Basi ajifunze kupiga angali kijana, na akiwa mtu mzima aache. (Zumari aliikataa kabisa, maana ampigaye hawezi kusema!) Sehemu ya kwanza ya jibu hilo twaipokea kwa moyo wote, hiyo ya kuacha, hapana.

Mwanzoni mwa karne ya 6 Boethius alilipindua jambo. Kwake yeye, mpigaji ni kama mtumishi tu. Mwanamuziki wa kweli ni yule ahukumuye kwa akili. Ndiyo maana kwa karne nyingi wanafunzi wa Ulaya walisomeshwa muziki pamoja na hesabu, jiometria na falaki. Elimu hiyo ilikuwa ya heshima kubwa, lakini twaona ilimdharau mwimbaji pasipo haki.

Mwaka 1838 mji wa Boston, Marekani, uliingiza uimbaji katika shule zake za umma, baada ya kuhojiwa kama wafaa akili, tabia na mwili. Tunda lilikuwa jema, ila hoja ilikuwa ya kuazima: kikipatikana kingine kifaacho zaidi, nyimbo zitaondolewa. Bennett Reimer, mwaka 1970, alitafuta sababu iliyo ndani ya muziki wenyewe, yaani kuyalea maono ya moyo. David Elliott, mwaka 1995, alimpinga: muziki kwanza ni tendo la watu, basi mwanafunzi na autende. Sisi twaelekea kwa Elliott.

Siku hizi mtoto husikia nyimbo tangu asubuhi hata usiku, redioni na katika simu, bila kufungua kinywa. Mzazi aulizaye faida ya saa ile ya shule na atazame kwanza kama nyumbani mwake iko saa nyingine ambayo mtoto huyo huimba.