Hofu Iliyogawanywa

Juni 1890, siku moja baada ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Thomas Allen na William Sachtleben walianza safari ya kuizunguka dunia kwa baiskeli. Walipita Uturuki na Uajemi, wakavuka jangwa la Gobi, wakaingia Beijing mwaka 1892. Njiani waliupanda hata Mlima Ararat, kana kwamba barabara haikuwatosha.

Je, hawakuogopa?

Aristotle angelikataa swali lenyewe. Kwake, asiyeogopa chochote ana kasoro; jasiri huogopa kinachostahili kuogopwa, kwa kiasi chake, kisha akatenda linalompasa. Ugumu uko kwenye kipimo: jua limezama, kijiji hakionekani, nani ajue kama hofu yake imezidi? Hapo mwenzako husaidia, kwa kuwa ni nadra wawili kubabaika kwa pamoja. Hata hivyo, aibu ya kuonekana mwoga mbele ya rafiki imewaingiza wengi katika upumbavu ambao wasingeuthubutu peke yao.

Mmarekani mwingine, Frank Lenz, alianza safari kama hiyo ya baiskeli peke yake. Mwaka 1894 alitoweka karibu na Erzurum, mashariki mwa Uturuki, akiaminika kuuawa. Mwaka uliofuata aliyekwenda kumtafuta alikuwa Sachtleben, safari hii bila Allen. Kama nusu ya ujasiri wake ilikuwa ya rafiki, basi nusu iliyobaki ilimtosha: Novemba 1895 alikuwa bado Erzurum, akipiga picha maiti za Waarmenia waliouawa mjini humo.