Siku za Twahara na Kitanzi cha Homoni

Ummu Habiba binti Jahsh alitokwa na damu kwa miaka 7. Alikuwa ndugu wa Bi Zainab, mke wa Mtume Muhammad (S.A.W.), na habari yake imo katika Hadithi walizozikusanya Bukhari na Muslim. Alikwenda kuuliza, akajibiwa kwamba ule ni mshipa tu, wala si hedhi, basi akoge na asali. Akawa anakoga kwa kila sala katika karai lililokuwa chumbani kwa Bi Zainab, mpaka wekundu wa damu ukitanda juu ya maji. Fatma binti Abi Hubaish naye aliuliza. Hamna, binti mwingine wa Jahsh, aliuliza pia. Na Bi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao.

Leo, katika miji ya pwani kuanzia Lamu hadi Mtwara, mwanamke Mwislamu aliyewekewa kitanzi cha homoni hurudi nyumbani na swali la Ummu Habiba, na mara nyingi hajui alipeleke wapi. Kliniki imemweleza habari za mimba. Kwenye darsa, akibahatika, ataambiwa kama kupanga uzazi kunajuzu au hakujuzu. Lakini afanye nini siku ya 12, anapoona doa la kahawia na adhana ya alasiri imekwisha kuadhiniwa? Hapo ndipo wengi huachwa peke yao.

Kitanzi chenyewe ni kijiti cha plastiki chenye umbo la herufi T, kirefu kama sentimita 3, kilichobeba miligramu 52 za homoni iitwayo levonojestreli. Mwanzoni hutoa mikrogramu 20 hivi kwa siku, kisha kiwango hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kiliidhinishwa kwanza Finland mwaka 1990, baada ya utafiti mrefu wa daktari Tapani Luukkainen na shirika la Population Council. Marekani ilikiruhusu mwaka 2000, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likakiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Kati ya wanawake 1,000 wanaokitumia, wanaoshika mimba mwaka wa kwanza ni wawili hivi.

Kazi yake ni ya mahali palepale kilipo. Ute wa mlango wa kizazi huwa mzito, mbegu zikashindwa kupita. Na utando wa ndani wa mji wa mimba huwa mwembamba. Wembamba huo ndio chanzo cha yote yanayofuata hapa. Mishipa midogo ya utando huo huwa dhaifu na kuvuja bila mpangilio, kwa hiyo miezi 3 hadi 6 ya mwanzo matone huja na kukatika, leo yapo, kesho hayapo, keshokutwa yamerudi. Baadaye damu hupungua. Mwaka ukitimia, mwanamke mmoja kati ya watano hivi haoni hedhi kabisa.

Kuhusu uhalali wa kuzuia mimba, mjadala ni wa kale. Jabir bin Abdillahi amepokea kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani mume kumwaga nje, huku Qur'ani ikiendelea kuteremka. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiruhusu azli katika kitabu chake Ihyaa, akaitenga kabisa na kuharibu mimba: kuzuia kisiwepo ni jambo moja, kudhuru kilichokwisha kuanza ni jambo jingine, na mwanzo wa kuwepo aliuweka pale maji ya mume na mke yanapochanganyika. Hapo ndipo wanazuoni wa zama zetu wanapokiuliza kitanzi: kinazuia mbegu isifike, au kinazuia yai lililorutubishwa lisijishike? Ushahidi wa kitabibu unaegemea zaidi upande wa kwanza. Indonesia, nchi ya Kishafi kama pwani yetu, ilisumbuliwa na jambo jingine, nalo ni kufunuliwa uchi wakati wa kukiweka. Mwaka 1983 baraza la wanazuoni la huko likakubali kitanzi kwa sharti kiwekwe na mhudumu mwanamke, au, ikibidi awe mwanamume, mume au mwanamke mwingine awepo.

Wakatoliki wamesimama penginepo. Waraka wa Papa Paulo VI wa Julai 1968, Humanae Vitae, ulikataa kila njia ya kuzuia mimba kwa makusudi, lakini kifungu chake cha 15 kinakubali tiba ya lazima ya ugonjwa hata kama inajulikana kwamba itazuia uzazi. Kwa kuwa kitanzi cha homoni hutibu pia damu nyingi kupita kiasi, mama Mkatoliki mwenye ugonjwa huo anakutana na swali la nia. Ni swali zito, na linastahili makala yake.

Kwa Mwislamu wa pwani, kitanzi kikishawekwa, nia imekwisha kupita. Kinachobaki ni hesabu.

Hesabu hiyo si ngeni. Watoto wengi wa chuoni wameisoma katika Safinatun Najaa, kijitabu cha Sheikh Salim bin Sumair wa Hadhramaut, aliyefia Batavia karne ya 19. Uchache wa hedhi ni usiku na mchana, yaani saa 24. Iliyozoeleka ni siku 6 au 7. Wingi wake ni siku 15. Uchache wa twahara baina ya hedhi mbili ni siku 15. Damu isiyoingia katika mipaka hiyo ni istihadha, damu ya ugonjwa: mwenye nayo hujisafisha, hujifunga, hutia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, hufunga, na mumewe humwingilia. Mwenye hedhi hasali, hafungi, wala mumewe hamwingilii. Tofauti baina ya hali hizi mbili ni maisha mazima ya ibada, na mstari unaozitenga umechorwa kwa siku.

Tuchukue mfano. Mwanamke ana kitanzi cha miezi miwili. Damu inaanza siku ya 1 na kukatika mwisho wa siku ya 4. Anakoga, anasali, na ikiwa ni Ramadhani anafunga. Siku ya 10 na ya 11 matone yanarudi. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, siku zote 11 ni hedhi, hata zile za katikati alizokuwa mkavu, kwa sababu zimezungukwa na damu ndani ya siku 15, na jumla ya damu imepita saa 24. Hana dhambi kwa sala alizosali katikati, maana alitenda kwa alichokijua. Lakini saumu za siku ya 5 hadi ya 9 hazikusihi, atazilipa. Siku ya 20 doa linatokea tena. Hilo si hedhi, kwa kuwa siku 15 za twahara hazijatimia. Asiache sala hata moja.

Sasa mgeuzie hali: miezi 8 imepita, na kinachoonekana ni doa la asubuhi moja, kisha kimya, kisha doa jingine baada ya siku tatu. Ukijumlisha muda ambao pamba ingetoka na rangi, saa 24 hazifiki. Kwa Mshafi hiyo haikuwa hedhi hata kidogo, na kama aliacha sala kwa wiki nzima akidhani ni siku zake, sala hizo ni deni. Mwenzake wa madhehebu ya Hanafi ana hesabu nyingine, siku 3 hadi 10. Wa Maliki ana nyingine tena, kwa kuwa kwao hata tone moja laweza kuwa hedhi. Kwa hiyo jibu la jirani, hata akiwa mcha Mungu, huenda lisimfae.

Hapa linakuja pingamizi ambalo si dogo. Daktari atasema: damu hii si hedhi kwa maana ya kitabibu. Utando haukujengeka ukabomoka kama kawaida ya mwezi. Ni mishipa iliyodhoofishwa na homoni. Mtume mwenyewe alimwambia Ummu Habiba kwamba ni mshipa. Basi kwa nini matone yote ya kitanzi yasihesabiwe istihadha, mwanamke akapumzika na tarehe?

Hoja hiyo inavutia, ila inabadilisha msingi wa sheria. Mafakihi hawakumtaka mwanamke aijue sababu ya damu. Walimtaka aijue dalili yake, yaani siku, saa, rangi na mazoea. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 ambaye vitabu vyake ndivyo nguzo ya Ushafi wa pwani, alitaja mwanamke anayekunywa dawa ili hedhi ije, ikaja: ni hedhi, na sala za siku hizo hazilipi. Sababu ilitoka kwenye kikombe, lakini hukumu ilifuata damu. Upande wa pili, imepokewa kwamba Ibn Umar aliulizwa kuhusu mwanamke anayetumia dawa kuizuia hedhi akiwa Hija, hakuona ubaya, akamtajia maji ya mti wa msuaki. Damu ikizuiwa isitoke, hukumu yake nayo haipo. Katika hali zote mbili, mwanamke huhukumiwa kwa anachokiona.

Na katika hili mna heshima ambayo haisemwi vya kutosha. Sheria inayofuata dalili humfanya mwanamke awe shahidi wa mwili wake. Sura ya Al-Baqara, aya ya 228, inawakataza wanawake kuficha yaliyomo matumboni mwao, na wanazuoni wakachukua humo kwamba neno lao ndilo linalotegemewa. Asingekatazwa kuficha mtu ambaye kauli yake haina uzito. Kama hukumu ingehamishiwa kwenye sababu iliyo ndani ya utando, ufunguo ungetoka mkononi mwake ukaenda kwa mwenye kipimo. Mwanamke wa kijiji cha Pemba asiye na kipimo karibu angesali kwa kubahatisha.

Lakini shahidi anahitaji kujua anashuhudia nini. Vitabu vya zamani vinamjua vizuri aliyepotewa na hesabu. Vinamwita mutahayyira, aliyetatizika. Hukumu yake ni nzito: asali daima kwa tahadhari, akoge kwa kila faradhi, afunge Ramadhani na mwezi mwingine juu yake, na mumewe ajizuie. Abul Faraj ad-Darimi alimwandikia kitabu kizima mwanamke huyu mmoja, na Nawawi akamfafanua kwa kurasa nyingi. Chanzo cha mashaka yake ni kusahau siku za kuanza na kumaliza. Ndiyo maana kuandika tarehe ni jambo kubwa. Daftari dogo lenye safu mbili, damu ilipoanza na ilipokatika, lingewaokoa wengi na miezi ya wasiwasi, na hata na kung'oa kitanzi ambacho vinginevyo kinawafaa. Mabadiliko ya damu ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafanya wanawake waache njia za homoni. Kwa Mwislamu anayesali, sababu hiyo ina uzito maradufu.

Pwani haikuwa bila walimu wa jambo hili. Mwari alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, naye alimfundisha kujifunga, kukoga na kutia nia ya josho, mambo ambayo mama mzazi aliona haya kuyatamka. Elimu ile ilijengwa juu ya mwili wenye mwezi unaohesabika. Masomo wa leo, walimu wa kike wa madrasa na wauguzi wangeweza kukaa mkeka mmoja na kuiongezea sura ya kitanzi, sindano na vijiti. Wauguzi wengi wa pwani ni Waislamu wanaosali; elimu zote mbili zimo vifuani mwao, ila kwa desturi, moja huachwa mlangoni mwa kliniki.

Jambo lisiloweza kusubiri ni eda. Mwanamke aliyepewa talaka na anayepata hedhi hukaa kwa quru tatu, ambazo Shafi alizisoma kuwa twahara tatu. Sura ya At-Talaq, aya ya 4, imewapa miezi mitatu waliokata tamaa ya hedhi kwa umri na wale ambao hawajaipata. Yule ambaye kitanzi kimemkatia hedhi akiwa na miaka 30 hayumo wazi katika kundi lolote kati ya hayo. Kauli mpya ya Imamu Shafi kwa aliyekatikiwa na hedhi ni kwamba angoje irudi, au afike umri wa kukata tamaa. Imamu Malik alimpa mwaka: miezi 9 ya kuhakikisha hana mimba, kisha 3 ya eda. Tofauti baina ya mwaka mmoja na miaka mingi si ya kitabuni tu, kwa sababu katika talaka rejea mume ana haki ya kumrudia na wajibu wa kumlisha muda wote eda inapoendelea, na mwanamke hawezi kuolewa.

Kitanzi, tofauti na maradhi, kinaweza kutolewa. Muuguzi huvuta uzi wake kwa dakika chache, na kwa wengi hedhi hurudi katika miezi michache, hesabu ikaanza kwenda. Mjane hana haja ya hayo asipokuwa na mimba: eda yake ni miezi 4 na siku 10, damu iwepo isiwepo. Lakini mtalaka anahitaji kuambiwa mapema, na kadhi anayesikiliza kesi yake anahitaji kuuliza kama ana kitanzi kabla ya kumpangia tarehe. Mahali pazuri zaidi pa kuyasema haya ni pale kinapowekwa, mke na mume wakiwa bado wamekaa pamoja mbele ya muuguzi, na kadi ya kliniki iko wazi mezani ikisubiri tarehe ya kwanza.